Kucheka Peke Yangu Uani

Kosa langu, nilitaje mwenyewe kabla halijatajwa na wengine, ni kwamba nilianza kucheka peke yangu uani, alfajiri, bila kumwambia jirani. Hapa Mlingotini mtu akilia peke yake anapewa pole. Akicheka peke yake anatafutiwa wa kumsomea dua. Nimekaa hapa muda wa kutosha kulijua hilo. Cherehani yangu imeshonea harusi za nusu ya kijiji. Lakini sekondari niliyosoma haikunifundisha kufikiri kabla ya kunywa chai.

Aliyenichokoza ni katekista wetu. Sisi Wakristo wa huku ni wachache, jumuiya nzima inaenea kwenye mkeka mmoja na nusu, na siku ile tulisali sebuleni kwangu kwa sababu mimi sipendi kutoka na wenzangu wameshachoka kunibembeleza. Katekista akasema furaha ya Mkristo haingojewi kama mvua. Inalimwa kila siku, hata kama udongo ni mchanga mtupu. Akataka kila mmoja aseme atafanya nini kila asubuhi. Mmoja akasema ataimba. Mwingine akasema atamsalimia wifi yake, tukampigia makofi, maana huyo wifi tunamjua. Zamu yangu ilipofika nikatafuta jambo lisilohitaji kuvaa viatu.

"Mimi nitacheka," nikasema.

"Utacheka nini?" akauliza katekista.

"Nitajua hukohuko."

Nia yangu ilikuwa njema. Ila furaha mimi siiamini. Ikibisha hodi naitazama kwanza mikononi, imebeba nini na inataka nini. Mteja akinisifia gauni, naanza kutafuta palipofumuka. Binti yangu akinipigia simu kutoka Dar akiwa amechangamka, namuuliza, "Kuna nini, unaumwa?" Nikajiambia mtu wa namna hii anahitaji zoezi, tena la lazima.

Basi nikaanza. Kabla ya kuwasha jiko nasimama katikati ya ua, kanga kifuani, nafumba macho, nacheka. Kicheko cha kujilazimisha ni kitu cha ajabu. Kinaanza kama kikohozi, kikikolea kinakuwa kama jogoo aliyekabwa. Nikimaliza nasema amina, nainua bakuli la bati nililofunikia mtungi, bakuli zuri lenye mawaridi mekundu, nachota maji, nakunywa, nafunika tena. Siku imeanza.

Upande wa pili wa ua wangu wa makuti anakaa bibi mmoja mkulima wa mwani, mjane kama mimi, ila amenizidi umri na ulimi. Miaka yote vyombo vyetu vimevuka ule ua mara nyingi kuliko sisi wenyewe. Ramadhani analeta futari, mihogo ya nazi. Pasaka napeleka mimi. Siku nyingine ni samaki, ni maandazi, ni chochote. Sheria ni moja na haijaandikwa popote: chombo cha mwenzio hakirudi kitupu. Kikija na tambi kinarudi na ndizi, hata kama ni ndizi zilizochoka. Idi aliniletea pilau, nikala mpaka nikalamba vidole. Baada ya hapo, kimya.

Huo ukimya sikuutilia maanani mpaka ulipoanza moshi. Kila nikifumba macho nicheke, harufu ya ubani inapenya makuti na kuniingia puani. Kicheko kinaishia kwenye chafya. Siku ya kwanza nikasema ni upepo. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Na salamu nazo zikabadilika. Zamani nikisema, "Shikamoo, bibi," alikuwa akiitikia, "Marahaba, mwanangu, umeamkaje, mgongo je, cherehani je?" Sasa ikawa "Marahaba," basi, na jicho linanipima kama la mtu anayenunua samaki bila kujua wamevuliwa lini.

Nikaanza kuunga vipande. Alikuwa akinilisha, nimeanza kumfurahia Mungu wangu kwa sauti, chakula kimekatika na moshi umeanza. Kumbe hapendi mtu wa bara kama mimi afurahi! Au ameambiwa asile na mimi? Au ananifukiza nihame, ua wangu aanikie mwani? Nilishona mashaka yale kwa ustadi ambao wateja wangu hawajawahi kuupata. Kila kipande kilikaa mahali pake, wala sikufumua hata uzi mmoja.

Nikazidisha kucheka. Hapo Mungu anisamehe, maana sikuwa namchekea Yeye tena. Niligeukia upande wa jirani makusudi, nikampelekea kicheko kama mtu anayemwaga maji machafu. Kwenye jumuiya nilipoulizwa zoezi linaendeleaje, nikajibu kwamba sauti imekua sana. Katekista akanipongeza. Sikumwambia kwamba mchana kutwa nashona huku sikio liko kwenye makuti, wala kwamba ugali wangu umekuwa hauna ladha. Si samaki wa yule bibi niliowakosa. Ni ule ukelele wake wa "Pokea, kinamwagika!" Mtu asiyetoka nyumbani hana akiba ya marafiki. Huyo akiniponyoka, sina mwingine.

Asubuhi moja nikaamua kumfumania. Sikucheka. Nilinyata mpaka kwenye makuti, nikaweka jicho kwenye tundu. Ndiye huyo, amesimama na chetezo, anapepea moshi kuja kwangu kwa ncha ya kanga, midomo inacheza. Nikasogea nisikie ananiapiza nini. Nikasogea tena. Ua wa makuti makuukuu hauegemewi, hilo kila mtu hapa analijua. Ulilala upande wa bibi taratibu, kwa adabu, na mimi juu yake, kuku wakitawanyika kila upande.

"Subhanallah!" akasema bibi. "Leo limemwangusha kabisa."

"Nini kimeniangusha?"

"Hilo pepo lako linalokuchekesha."

"Mimi sina pepo!" nikasema, nimelala kifudifudi. "Ni zoezi la dini."

"Dini gani mtu mzima anachekeana na mtungi?"

Nikamweleza habari ya katekista na furaha inayolimwa kila siku. Alinisikiliza mpaka mwisho, chetezo kikifuka mkononi.

"Kwa hiyo ubani wangu wote umekwenda bure," akasema. "Kila alfajiri nakuombea dua kabla sijaenda kwenye mwani. Dada yangu alianza hivihivi, kicheko tu, kicheko tu. Hakurudi sawa. Nikasema na huyu ananitoka."

Badala ya kushukuru, nikauliza, "Mbona hukuniuliza?"

"Wewe uliniuliza mimi?"

Hapo mwenye busara angenyamaza. Mimi nikaongeza: "Haya, kama unaniombea, mbona chakula umeninyima? Tangu Idi, hata dagaa!"

Bibi alikuwa anatazama juu ya kichwa changu, ndani ya ua wangu, ambao sasa ulikuwa wazi kama uwanja. Nikageuza shingo nione anachokitazama.

Juu ya mtungi lilikuwa bakuli lake la mawaridi, lile lililokuja na pilau. Siku ile ya Idi nililiosha, nikaliweka pale, nikisema nitalirudisha nikipata kitu cha maana cha kutia ndani. Na kila alfajiri, nikishamaliza kucheka, nililiinua, nikanywa maji, nikalirudisha, kisha nikaenda kumshuku mwenye bakuli. Na mtu mwenye heshima zake haendi kudai chombo. Alikuwa ananingoja mimi, na alivyongoja akawa ananiombea. Nilikuwa nimelima furaha peke yangu uani, na hiyo niliyokwisha kuletewa, ya pilau na zabibu, nimeifanya kifuniko.

Kikanitoka kicheko. Hicho sikukiita. Kilianzia tumboni, nikashindwa kuinuka, makuti yakinichoma mbavu, machozi yakinitiririka, na kila nikitaka kuomba radhi nalitazama bakuli naanza upya. Bibi akaweka chetezo chini, akashika kiuno, akaningoja nipungue. Nilipopungua, akasema:

"Kumbe kucheka unajua! Basi kile cha alfajiri kiache, kuku wangu wamegoma kutaga. Na hilo bakuli usiniletee na hewa."