Ini la dume la harusi

Jua ndiyo kwanza linachomoza Siyu, na Athman Gharib amekwisha kumchuna dume la harusi. Kwa kawaida mwenye ng'ombe hukaa mbali na mchinjaji. Leo Bwana Madi Khatib, ambaye binti yake anaolewa, amesogea mpaka pindo la kanzu yake linakaribia kuingia damu.

"Toa ini," anasema. "Nataka kuliona na mato yangu."

Athman ananoa kisu ambacho hakihitaji kunolewa. Usimcheke. Anaogopa, maana maneno yake ya miaka miwili yamo ndani ya tumbo la dume hili.

Hapa Siyu, ini ni fungu la mchinjaji. Athman alilila kwa raha miaka mingi, mpaka maini yakaanza kutoka magumu, mirija yake imejaa vidudu bapa, mfano wa vijani vinavyojikunjakunja. Aliyatupa kimya kimya, akamwambia kila mwenye ng'ombe, "Mashallah, nyama njema." Ndiyo adabu ya kazi hii. Mchinjaji anayeutia ila mfugo wa mtu huambiwa ana kijicho.

"Nilikuwa muungwana mno," anasema. "Adabu yangu ikaua ng'ombe."

Baada ya masika ya mwaka 1910 walikufa ng'ombe kumi na mmoja. Walikonda huku wanakula, wakavimba chini ya taya. Watu waliandikiwa makombe, aya za kuoshwa kwa maji, wakawanywesha ng'ombe maji yake, wapi!

Kilichomfungua Athman mdomo ni ng'ombe wa mkewe, Bi Radhiya. Maziwa ya ng'ombe huyo yalinywesha watoto watano. Athman alimchinja ng'ombe huyo kabla hajafa, akakuta vidudu vile vile. Uchungu ukamfanya afikiri. Maini mabovu yote yalitoka kwa ng'ombe waliolishwa ziwani, kwenye bonde linaloshika maji ya mvua kusini mwa mji. Waliokaa juu penye majani makavu, wakanywa maji ya kisima, walikuwa wazima.

Tangu siku hiyo akawa anapasua maini mbele ya wenyewe, akiwaambia ng'ombe wasiteremshwe ziwani. Madi alimjia juu kweli kweli, akimshika kwa kijicho.

"Ng'ombe zangu zafa kwa ito lako!"

Hawakusemezana miezi minne. Lakini Madi alipofiwa na ng'ombe wa tatu, alikuja mwenyewe mlangoni. "Nna ndama hapa, hajaonja maji ya ziwa," alisema. "Ntamlea juu. Siku ya kumchinja nikiona kidudu, ntakwita mwongo mbele ya mji mzima."

Wengine wakafuata, wakingoja kuona. Kazi ya kuteka maji ikawaangukia waliokuwa karibu na kisima. Bi Radhiya na jirani zake huvuta ndoo arubaini kwa siku.

"Mikono imeota sugu," anasema akiionyesha. "Na ng'ombe hunwa kama hana adabu!"

Sasa ini la ndama yule, leo dume la harusi, liko juu ya jani la mgomba, jekundu, laini. Athman anapasua mrija wa kwanza. Hamna kitu. Wa pili, wa tatu, hamna kitu.

"Na huu," anasema Madi, akionyesha kwa kidole.

Athman anaupasua. Ni msafi.

Madi anavuta pumzi, kisha anacheka mpaka kilemba kinamlegea. "Basi, Bwana Athman. Zangu haziteremki ziwani tena. Na ito lako nimelisamehe."

Athman naye anacheka, ingawa macho yake yamelowa. Kabla ya masika mengine anataka kujenga hori refu la mawe pale kisimani, ng'ombe wanywe kwa pamoja, na ziwa lizungushiwe ua wa miba. Madi ameahidi chokaa.

Saa tatu ini liko jikoni kwa Bi Radhiya. Ni miaka miwili hajalitia mdomoni. Anakata kipande, anakiinua penye mwanga wa dirisha, anakigeuza huku na huku.

"Humwamini mumeo?" Athman anauliza.

"Nakuamini," anajibu, akikitupa kwenye samli ya moto. "Lakini ndoo nimevuta mimi."