Kitabu Tulichokizindua Harusini

Miaka ile vyama vingi viliporudi, kila mtu Voi alikuwa na la kusema. Mimi nilisema kwa maandishi. Kila Ijumaa nilibandika karatasi yangu kwenye mlango wa duka la baba, mtaani Kaloleni, nikiutetea upinzani. Ng'ambo ya barabara, kwenye ukuta wa hoteli ya chai, mwalimu mmoja wa Marungu alibandika yake, akikitetea chama tawala na kunijibu hoja kwa hoja. Watu walisoma yangu, wakavuka wakasoma yake, kisha wakaingia hotelini kubishana. Mwenye hoteli alitupenda sote wawili.

Tulikuwa tukisalimiana kwa adabu na kushambuliana bila huruma.

Aliyetukalisha meza moja ni mwalimu mwingine, mama wa Njukini, ambaye naye aliandika habari za soko na mpaka na kuzituma Voi kwa basi. Alikuja mwenyewe siku hiyo, akaagiza chai ya watu watatu.

"Nyinyi mnapigania vyama," akasema, "lakini nimezisoma karatasi zenu zote. Watu kukosa hati za mashamba, ndovu kumaliza mahindi, shida ya maji, hapo mnasema kitu kimoja. Kwa nini tusiandike kitabu?"

Mwalimu wa Marungu alinitazama. "Na huyu dada atakubali niguse maandishi yake?"

"Ukikubali niguse yako, Mwalimu."

Tuliandika msimu baada ya msimu, tukigombana karibu kila ukurasa. Kisha tukaenda pamoja kwa wazee waliokuwa wakiishi kando ya shamba la mkonge, kwenye ardhi walikozaliwa, ambayo karatasi zilisema si yao. Wiki iliyofuata Mwalimu wa Marungu aliniletea sura ya ardhi, ameifuta yote na kuiandika upya, kwa ukali ambao hata mimi nisingethubutu.

Mchapaji wa kwanza Mombasa aliupitia mswada wetu akatikisa kichwa. "Toeni hii ya ardhi, kesho nawachapia."

Nilidhani Mwalimu angekubali, maana waliokosolewa humo walikuwa watu wa chama chake. Akakusanya kurasa zetu taratibu. "Basi hutatuchapia," akasema, tukatoka.

Wa pili alikuwa mzee aliyezoea kuchapa kadi za harusi na vitabu vya nyimbo za kanisa. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akauliza tu, "Jalada mnataka rangi gani?"

Vitabu vikafika Voi kwa treni. Tukaomba ruhusa ya mkutano wa kuzindua kitabu, tukanyimwa. Nilirudi nyumbani nimenuna, nikamweleza mama.

"Jumamosi kakako anaoa," akasema huku akichambua mchele. "Harusi haiombewi ruhusa, mwanangu. Waambie wenzio waje, waje na kitabu chao."

Wakaja. Watu wa Marungu na wa Njukini waliketi na wajomba zangu, na wanawake wakasikiliza kutoka upande wao wa uani. Baada ya pilau tukasimama watatu, kila mmoja akasoma sura ya mwenzake. Mtu mmoja wa ofisi ya serikali, aliyejidhani hajulikani, alikuwa amekaa karibu na mlango na sahani yake. Nilipofika pale ndovu wanapoingia shambani kwa mjane, nikamsikia akiguna. "Na kwangu pia waliingia," akasema kwa sauti, na uani kote wakacheka. Mwisho akaomba nakala mbili. "Moja ya mkubwa wangu. Afadhali asome mwenyewe kuliko nimsimulie."

Masanduku ya vitabu yalikwisha kabla ya halua kuletwa. Mwalimu wa Marungu alinishika mkono mbele ya watu wa chama chake na wa changu, akauinua juu, na vigelegele vilivyokuwa vya bwana harusi vikatugeukia sisi.

Kaka yangu alikuja kunilalamikia kwamba hakuna anayemtazama. Nikamwambia aende ndani kwa mkewe. Akaenda, akarudi akicheka. Bibi harusi alikuwa kwenye sura ya tatu, na alimwomba angoje kidogo.