Maneno ya Mtani Msibani

Mpaka leo nikisikia mtu anamsifu mwandishi kwamba anajua kusikiliza, roho inanichafuka. Mmarekani yule alijua kusikiliza kuliko watu wote niliowahi kuwaona, na ndiko kulikotuponza.

Alikuja Korogwe enzi za Mwingereza, mimi nikiwa msichana wa shule. Kwao alikuwa mwandishi wa riwaya, na mwenyewe alisema huku akicheka kwamba wasomaji wake wangeenea kwenye benchi moja la hotelini kwetu. Kisha mtaa alikozaliwa ukabomolewa kupisha barabara. Alipotafuta kitabu cha kueleza ni nani walioishi pale, hakukipata. Ndipo akaacha kutunga, akaanza kuandika historia za miji: nani alitangulia, nani alifuata, nani alimsukuma nani. Baada ya miji mikubwa ya kwao akataka kuuona mji ambao waanzilishi wake bado wanapumua.

Mmoja wao alikuwa baba. Alikuwa na hoteli ya udongo karibu na stesheni, akiuza chai na mihogo ya kukaanga. Alitoka Kang'ata wakati wa njaa, akafyeka kichaka kwa panga lake, akajenga, na wengine wakajenga kumzunguka. Hakuwa mtu wa majivuno isipokuwa kwa hilo. Wakubwa walisema mji ulianzishwa na reli. Baba alisema reli ilipita tu, waliokaa ni watu. Alitamani kabla hajafa aone jambo hilo limeandikwa mahali.

Basi Mmarekani akawa anakuja kila asubuhi. Alikunywa chai, akauliza maswali kwa Kiswahili safi alichojifunza mwenyewe, akamsikiliza baba kama vile hana pengine pa kwenda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema mama, kwa sababu tangu mtu huyo aje baba alikuwa akiamka anaimba. Siku moja nilimsikia akimwambia, "Andika kwamba hapa nilifyeka mwenyewe. Sikumnyang'anya mtu." Mmarekani akamwahidi. Kabla masimulizi hayajafika mwisho, homa ilimchukua baba.

Sisi Wazigua tuna watani zetu Wanyamwezi. Baba alikuwa na wake mmoja, aliyeletwa kama manamba kukata mkonge Ngombezi na asirudi tena kwao. Kila Jumapili alikuja hotelini, akala asilipe, akaiponda chai ya baba mbele ya wateja, na baba akamwita mbeba mizigo. Walipendana mpaka mama akawa anaona wivu.

Msibani alifanya kazi yake. Alivaa kanzu ya marehemu mbele nyuma, akashika birika, akaigiza baba anavyomimina chai na kubana sukari. Akapaza sauti kwamba Mzigua huyu alikuwa mwizi, kwamba kiwanja hiki alimdhulumu mjane kikongwe, na kwamba asipopewa jogoo jeneza halipiti. Mama alikuwa ndani, hajafungua kinywa tangu baba akate roho. Nilimwona ameziba uso kwa kanga, mabega yanatikisika, nikamkaribia kumshika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akalia, na alipomaliza kulia akaomba maji ya kunywa.

Mmarekani alikuwa nje kwenye jamvi pamoja na wanaume, ametulia kwa heshima, anasikiliza. Hakuna aliyemweleza kitu. Nani huwa anaeleza utani? Tulidhani mtu aliyekijua Kiswahili kiasi kile na hilo analijua.

Kitabu kilifika miaka kadhaa baadaye, mimi tayari mwalimu Handeni, Mwingereza bado yupo. Alikituma mwenyewe kwa posta, pamoja na salamu kwa mama. Sasa alikuwa mtu mkubwa. Kwenye jalada walimsifu kuwa mwanahistoria wa miji anayewapa wanyonge sauti. Nilipanda basi kwenda Korogwe nacho mapajani. Mama alivaa kanga mpya, akamwita na mtani, kwa kuwa naye alitaka kusikia rafiki yake ameandikwa nini. Nikafungua, nikawa nasoma na kufasiri.

Baba alikuwemo. Iliandikwa kwamba mwanzilishi wa mtaa ule, kwa ushahidi uliotolewa hadharani na rafiki yake wa karibu siku ya maziko, alipata kiwanja kwa kumdhulumu mjane. Na kwamba ndivyo miji izaliwavyo popote, mnyonge akimla mnyonge. Sura nzima ilisimama juu ya mjane ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nilitaka kukifunga kitabu, mama akanihimiza niendelee, nikasoma kama ilivyo.

Mtani aliinamisha kichwa. "Shemeji," alisema, "haya ni maneno yangu."

Mama alimwambia hana kosa, kwamba dunia nzima inajua maneno ya mtani hayashikwi. Akajibu kwamba labda dunia ya kwetu. Hakunywa chai yake, na Jumapili iliyofuata hakuja.

Nilimwandikia Mmarekani. Alijibu kwa upole kwamba amesikitika sana, na kitabu kikichapwa tena atarekebisha. Hakikuchapwa tena. Alihamia kwenye mji mwingine wa nchi nyingine, kisha nikasikia amerudia riwaya na safari hii zinasomwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma, maana angekuwa mbaya ningemlaani nikapata usingizi.

Mama alikufa masika ya mwisho ya Mwingereza. Mtani alikuja kwa miguu kutoka Ngombezi, mzee sasa, akaketi jamvini. Watu walimngoja aanze. Shangazi alimletea kanga ya marehemu ajifunge amwigize. Aliipokea, akaikunja, akaiweka mapajani, akabaki anatokwa na machozi kama ndugu wa damu. Ndani tulikuwa tumekauka kwa majonzi, mdogo wangu wa kike amegoma kula na kusema. Nikatoka nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, nakuomba. Mtukane mama."

Alinishika kichwa. "Siwezi, mwanangu. Wataandika."

Nilitazama jamvi zima. Walikuwepo majirani, ndugu zetu wa Kang'ata, na Mhindi mwenye duka la pembeni. Mgeni hakuwepo hata mmoja. Tukamzika mama, na hakuna aliyecheka.