Alama ilibaki, mtamba akahama

Jumamosi, Masanze. Asubuhi ya mawingu.

Leo simu imenifikisha mahali sahihi kabisa, na ng'ombe hayupo.

Mtamba wa jirani yangu, Mama Kabula, alitoroka jana akiwa amekaribia kuzaa. Na fisi huku wapo.

Saa mbili asubuhi nilimwona amelala porini. Hakukubali nimsogelee, basi nikaweka alama kwenye ramani niliyopakua, nikaenda kumwita mwenyewe.

"Shikamoo mama. Mtamba nimemwona."

"Marahaba. Wapi?"

Nikamwonyesha alama.

Tulitembea bila mtandao wala bando, na kile kidoti cha buluu kinachoonyesha tulipo kikatembea nasi. Tukafika kwenye alama. Majani yamelala, mtamba hakuna.

Mama Kabula akacheka. "Ulimfunga kamba kwenye simu, mwanangu?"

Kisha akainama, akagusa kinyesi. Kilikuwa bado cha moto. Akafuata alama za kwato hadi kichakani, na hapo tukamkuta mtamba akimlamba ndama aliyelowa.

"Bila simu yako ningeanzia wapi?" akasema. "Ila hicho kidoti kinajuaje tulipo bila bando?"

Anayejua anieleze kwa lugha nyepesi, maana kesho nikienda kumwona ndama ataniuliza tena.

Saa tatu na robo usiku, nalala.