Vilima Vitatu vya Uppsala

Mdogo wangu wa kike yuko Uppsala, Sweden. Tulijaza fomu za wakimbizi za kuhamishiwa Ulaya pamoja hapa Johannesburg. Jina lake likatoka, langu halikutoka. Mimi nimebaki mtaa wa Yeoville nashona nguo, jioni narudi kwa miguu chumbani kwangu Berea.

Kila Jumapili baada ya ibada ananipigia simu ya video. Tulikubaliana tusizungumzie ya kwetu Kongo, maana tukianza huwa tunaishia kulia. Kwa hiyo ananisimulia mji wake, kama anavyofundishwa kwenye darasa la lugha. Alianza na kanisa kuu, lililojengwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Kisha chuo kikuu, kilichoanzishwa nchi ikiwa bado ya Kikatoliki. Halafu moto ulioteketeza karibu mji wote, hata kanisa likaungua. Wiki ile nilishona mikunjo ya sketi nikiwawaza watu walioungulia nyumba, wakitafuta vizingiti vyao kwenye majivu. Nilimsimulia moto huo mwenzangu wa kazini, Mtanzania. Alisikiliza kidogo akauliza, "Na wewe unaenda lini?"

"Bado nangoja," nikasema.

Mwezi uliopita mdogo wangu alipanda basi hadi nje kidogo ya mji, akaelekeza simu kwenye vilima vitatu vilivyofunikwa na theluji.

"Yaya," akasema, kwani ndivyo tunavyowaita wakubwa wetu, "hapa walizikwa wafalme kabla Ukristo haujafika. Zaidi ya miaka elfu, na bado wanapajua."

Upepo ukavuma kwenye simu, kisha akauliza:

"Kaburi la mama liko upande gani wa shule ya kwetu?"

"Upande wa mto."

"Hapana, yaya. Upande wa barabara. Mimi ndiye niliyeshika msalaba."

Siku ya mazishi alikuwa na miaka tisa, mimi kumi na saba. Sikubishana naye. Alisema mikono inamuuma kwa baridi, akakata simu.

Nilichukua karatasi ya kukatia vitambaa, nikachora shule, mto na barabara. Nikatia msalaba upande wangu, na mwingine upande wake. Nikaupiga mchoro picha, nikamtumia.

Alijibu kesho yake: "Msalaba ulikuwa wa mti, yaya. Utakuwa umeshaoza."

Mchoro sijautupa. Nimeubandika ukutani juu ya kitanda, na sijui nifute msalaba upi.