Walimlilia Mama Mkwe kwa Sababu Sikuwasha Moto

Masheikh wetu, jumbe na wazee wa mji, mama zangu na shangazi zangu, nanyi ndugu zangu vijana: najua gazeti moja husomewa baraza nzima, ndiyo maana natanguliza salamu kwa kila mmoja kwa daraja yake kabla ya kueleza shida yangu. Assalaam alaikum. Mhariri amekubali kulificha jina langu, nami namshukuru.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba. Nilizaliwa Umwe, nikasomeshwa shule ya wasichana hadi darasa la nane, kisha nikaolewa huku Maparoni na mkata mikoko, mtu mpole asiyepandisha sauti. Tunaishi na mama yake mzazi pamoja na binti yetu mdogo, ambaye kifua humbana kila anapovuta moshi.

Kazi ya mume wangu haifuati jua, hufuata maji. Siku za bamvua mto hujaa alfajiri, na mtumbwi usipotoka wakati huo hukwama topeni. Kumpikia uji kwa kuni zilizolowa masika ni kumchelewesha, na kumjazia mtoto moshi chumbani. Chai ya maziwa ya kopo, ambayo wenzetu huisifia, humvuruga mume wangu tumbo, na mtu aliye ndani ya mtumbwi hana pa kukimbilia. Basi nikabuni kifungua kinywa kisichohitaji moto wala maziwa. Niliponda ndizi kisukari zilizoiva sana na kipande cha papai katika kinu kidogo, nikatia nyama laini ya dafu na maji yake, nikakamulia ndimu, nikakoroga hadi kikawa laini cha kunyweka. Kabla mume wangu hajamaliza kufunga mashoka yake, bakuli liko tayari. Siku ya kwanza alilimaliza kwa mkupuo mmoja, akajipangusa ndevu.

"Mama Mwana, kitu hiki chashuka chenyewe! Kesho niongezee."

Nilifurahi, jamani. Sikuwaza kabisa habari ya moshi. Ninyi mlio mbali huenda hamjui kwamba kwetu, nyumba isiyofuka moshi asubuhi ina maana moja tu. Wafiwa hawapiki, majirani ndio huwapikia. Na siku chache baadaye mama mkwe akashikwa na homa, mtaa mzima ukajua.

Asubuhi ya pili yake mume wangu alikwisha ondoka. Nilikuwa namnywesha mtoto, nikasikia kilio uani. Nilipotoka nikawakuta wanawake wamejitanda kanga hadi usoni, huyu kachukua mkeka, yule kabeba sufuria ya uji. Mbele yao yuko jirani yetu, nimwite Bi Tatu, analia kwa sauti ya kuamsha mji. Wakati huohuo mama mkwe akatokea nyuma ya nyumba, mswaki mdomoni, amepona.

"Bi Tatu, wamlilia nani?"

Bi Tatu akamtazama, akaketi chini kwa mshtuko. "Si wewe, dada! Twakulilia wewe!"

"Mie? Nimekufa saa ngapi?"

"Sasa twajuaje? Jikoni kwenu kumezizima siku ya ngapi hii!"

Mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata, na mwenye sufuria akauliza kama uji aurudishe kwake au marehemu atakunywa. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilicheka. Mama mkwe hakucheka. Aliuchungulia mchanganyiko wangu ndani ya bakuli, akasema mbele yao wote: "Mkaza mwana amenizika nikiwa hai, kisha anacheka." Mchana ule alifunga nguo zake, akaenda kwa binti yake mkubwa kule Mtunda. Alisema hatarudi mpaka aambiwe kuwa jiko la mwanawe linafuka moshi kila alfajiri kama majiko ya watu.

Tangu hapo situlii. Nakaa, nainuka. Nafagia ua uliokwisha fagiliwa. Nikisikia wanawake wakiongea kisimani nadhani nasemwa mimi, na mara nyingi ni kweli, kwani kinywaji changu wamekwisha kipa jina: uji wa matanga.

Mume wangu alinisihi, "Wee choma makumbi mabichi ya nazi tu, moshi utoke, mama arudi. Kwani moshi una gharama?" Nilimtii. Gharama tukaiona: mtoto alikohoa hadi midomo ikabadilika rangi, nikayamwagia maji makumbi yale na sijayachoma tena. Mume wangu aliyaona hayo kwa macho yake. Hata hivyo juzi aliniambia, bila kunitazama, kwamba mama yake hawezi kufunga Ramadhani nyumbani kwa mume wa binti yake, na asiporudi kabla ya mwezi kuandama, atanirudisha Umwe kwa wazazi wangu. Mtoto, alisema, atabaki.

Wasomaji wa mbali, nishaurini: yupo aliyepita njia hii akabaki na ndoa yake na mtoto wake? Mimi usingizi umenikimbia.

Lakini ninyi wa kwetu mmekwisha nitambua, hata jina likifichwa, nanyi nawaeleza uamuzi wangu. Sitawasha moto alfajiri. Kwa mama mkwe nitakwenda Mtunda mwenyewe, nimwombe radhi kwa kicheko changu, kwani hapo nilimkosea. Kwa hili lililobaki, peke yangu sina nguvu. Wazee, Ijumaa hii baada ya sala tangazeni kwamba tangu sasa msiba mtaani kwetu utajulikana kwa mjumbe kutumwa nyumba kwa nyumba, na asiyepelekewa mjumbe asilie. Nawe Bi Tatu, uliyelia kuliko wote, Jumamosi maji yakijaa utaingia nami mtumbwini, uende ukamwambie huyo dada yako uliyemlilia arudi kwake.