Mnong'ono na Kidude cha Kukanyaga

Kazi yake hospitalini ilikuwa kutunza mafaili na kuita majina ya wagonjwa dirishani. Majina aliyaita vizuri, kila silabi mahali pake, na kwa miaka kumi na minne hakuna mgonjwa aliyepata kuitika. Benchi zima lilimtazama midomo inavyocheza, kama watu wanavyotazama feni. Hapo mfagizi, mama wa makamo ambaye yeye alimwita dada, aliegemeza fagio ukutani na kulirudia jina lile lile, bila kuongeza wala kupunguza kitu, kwa sauti ya kumwamsha mtu aliyetoka kupasuliwa. Mgonjwa akasimama. Idara iliendeshwa hivyo, ingawa cheo cha kuita majina alikuwa nacho yeye.

Wenzake wa bendi walimbandika jina la Mnong'ono. Hakubisha. Hata angebisha, nani angemsikia?

Bendi yenyewe ilikuwa ya watu watano, ya kupiga kwenye harusi siku za Jumamosi. Yeye alishika gitaa la pili, lile la ridhimu, linalokwenda chaka-chaka chini ya wimbo wote kama mtu anayekuna nazi jikoni wakati wageni wanaongea sebuleni. Moyoni, hata hivyo, alijihesabu mpiga solo ambaye haki yake imecheleweshwa. Katika wimbo mmoja tu aliachiwa solo fupi, na aliingoja wiki nzima. Mkewe, aliyemfuata harusi hadi harusi kwa miaka kumi na mmoja, hakuwahi kuitambua. Siku moja alimsifu kwa kipande kitamu kilichomtoa machozi. Kipande kile kilikuwa cha kinanda. Mnong'ono alifikiri kidogo, akasema asante.

Kisha kiongozi wa bendi, mpiga kinanda ambaye siku za kazi alifundisha hesabu na ambaye wote walimwita Mwalimu, akamkalisha kando baada ya mazoezi.

"Kaka, usinielewe vibaya. Ile Jumamosi uliyoumwa, tulipiga bila wewe."

"Ikawaje?"

"Hakuna aliyeuliza."

Mwalimu alieleza kwa upole, kama anayemrudishia mwanafunzi karatasi ya mtihani, kwamba kinanda chake kinaweza kuifanya hata ile ridhimu. Wangeangalia kwenye harusi inayofuata, halafu waamue. Harusi inayofuata ilikuwa ya binti wa mfagizi, na bendi iliitwa kwa sababu ya Mnong'ono. Angefukuzwa, basi, kwenye shughuli aliyoitafuta mwenyewe. Hata katika kudhalilika alitaka mambo yapangwe vizuri.

Akaenda kwa fundi wa redio, akalia shida yake. Fundi akafungua droo, akatoa kidude cha chuma chenye ukubwa wa kipande cha sabuni: kitufe kimoja cha kuzungusha, swichi moja ya kukanyaga, na kitaa chekundu. Kinakaa sakafuni, alisema, kati ya gitaa na spika. Ukikanyaga mara moja, sauti inakua. Ukikanyaga tena, inarudi ilivyokuwa. Mnong'ono akauliza kama kinaifanya sauti iwe nzuri.

"Hapana. Hakibadilishi kitu, kinakuza tu," fundi akamjibu. "Ukipiga ovyo, utapiga ovyo kwa nguvu."

Akaelewa papo hapo. Ni dada wa fagio, amewekwa ndani ya kopo.

Kwa wiki mbili alifanya mazoezi chumbani, mapazia yameshushwa ili majirani wasimwone akitafuta makuu. Vidole vyake havikuwa na tatizo; shida ilikuwa mguu. Mpango ulikuwa hivi: ridhimu anapiga taa ikiwa imezimwa, solo ikifika anakanyaga taa iwake, solo ikiisha anakanyaga izimike. Katika giza la chumbani kitaa kile kiling'aa kama jicho la paka. Siku moja mkewe alimkuta amesimama bila gitaa, akikanyaga zulia kwa makini na kuhesabu. Akafunga mlango polepole, akaenda kumpigia dada yake simu.

Harusi ikawa uwanjani, saa nane mchana, jua limesimama kichwani. Kabla ya wimbo wake, Mnong'ono alikanyaga kidude mara moja kukijaribu. Akainama kutazama taa. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba taa ingewaka au isingewaka, isingeonekana. Akaamua kwamba imezimwa. Ingawa alikuwa mwanamuziki, aliamini mno macho.

Wimbo ukaanza. Mwimbaji akageuka kumtazama. Akaona ni heshima. Mwalimu akampandishia nyusi. Naye akampandishia za kwake. Wageni wakaanza kuinuka mmoja mmoja, kisha meza nzima nzima, mpaka bibi wa bwana harusi akaitupa fimbo yake kando, akaingia kati. Mnong'ono akajiambia kwamba maharusi hawa wanapendwa kweli.

Zamu ya solo ikafika. Akapiga hatua mbele, akajikaza, akakanyaga kwa mamlaka ya wiki mbili.

Na akatoweka.

Alipiga, kusema haki, solo bora ya maisha yake. Vidole vilimtii kama havijawahi kumtii, na hakuna kiumbe aliyesikia. Wachezaji wakapunguza mwendo, wakatazamana. Mtu wa mitambo akakimbilia nyaya. Mnong'ono alipong'amua kilichotokea, solo ilikuwa inaishia. Akamalizia kwa uchungu, akarudi nyuma na, kwa kuwa mguu wake ulikuwa umefunzwa vizuri, akakanyaga tena kuzima.

Chaka-chaka ikarudi na nguvu zake zote. Uwanja ukalipuka. Bibi akarudi kati.

Baada ya shughuli Mwalimu akamfuata. Mnong'ono alikwisha kuandaa maneno ya kuaga, ya kiungwana, na mafupi.

"Ile ridhimu," Mwalimu akasema, "miaka yote hii ulikuwa unaipiga hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Mbona hukusema?"

Palikuwa na majibu mengi. Mnong'ono akaanza kukunja waya wa gitaa. Mwalimu akatangaza kwamba Mnong'ono anabaki, tena kidude kile kisizimwe kamwe, na kipande cha katikati atakijaza yeye kwa kinanda.

"Na solo yangu?"

"Solo ipi?" Mwalimu akauliza, bila hila yoyote.

Mkewe alikuwa akimngoja kando ya viti, viatu mkononi, miguu imevimba kwa kucheza. "Baba watoto, leo nimekusikia. Wewe ndiye yule wa chaka-chaka."

Akamtazama. Kumi na mmoja ni miaka mingi ya kungoja, hata kama ulikuwa unangojea kitu kingine.

"Ndiye mimi," akasema.

"Ulisemaje?"

"Ndiye mimi!"

Siku hizi swichi ameifunga kwa plasta ya hospitali, ili mguu wa mtu asiye mwangalifu usije ukaizima. Katika bendi nzima, mguu unaofika pale ni mmoja tu.